Nyuma ya Barua za Koko

Nakivale, Base Camp
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Aurore, mujukuu wangu, muke mwenzangu,

Sisi tuko. Mvua imeanza, maharagi yameota, goti langu linauma upande ule ule. Salamu zimeisha. Sasa fungua masikio.

Bashangazi ba Parfait banakuja kukuangalia tarehe tisa ya mwezi wa kumi na moja, mbele ya kuleta mambo ya mahari. Banakuja batatu. Yule mukubwa ndiye alisema mwaka jana ku kanisa eti uso wako ni njia ya Kabingo kisha mvua. Miye nasahau fasi nimeweka kisu. Matusi sisahau.

Bipele bimeisha, asante Mungu, na asante yule munganga Aloysius wa kliniki ya hapa ku kambi, hata kama alinikasirisha. Lakini madoa yamebaki, meusi, kama mutu alikurushia mbegu za papai. Unataka bakukute hivyo? Teta, binti ya Gisèle, alienda huko Mbarara kwa mwanamuke wa saluni, Hajara, karibu na kambi ya askari. Alipakwa dawa, ngozi ya juu ikabanduka kama ganda la kitunguu, akarudi na uso kama yai lililomenywa. Gisèle anamupitisha hapa kwangu kila siku, anasingizia kuchota maji. Enda kwa Hajara. Bakupake na weye.

Na usimuambie habari ya vidonge. Unakumbuka tulivyoteseka. Miezi tano kidonge kila siku, na kila mwezi munganga anakupima mimba kwanza ndipo anakupa vingine. Nilimuuliza, munganga, mutoto ana bipele ku uso ao ku tumbo? Akasema dawa hii inaharibu mimba, ndiyo sheria yake. Sawa. Lakini batu ba hapa banajua sheria gani? Baliona musichana anameza vidonge na anapimwa mimba, na Gisèle akamalizia hadithi yeye mwenyewe. Ndiyo maana nilikuambia ile kaye, lile daftari munganga aliandikamo, ibaki hapa, chini ya godoro yangu. Ibaki hapo. Na kinywa chako kibaki kimefungwa.

Angalia barua hii vile ni ngumu na safi. Nimeipaka uji wa muhogo nyuma, nikaibandika ku karatasi ya mufuko wa saruji, mutu asiseme Koko wako anaandika ku takataka.

Miye Koko wako,
Mariette Nabintu, niliyeishia darasa la tatu na bado nakushinda mwandiko


Mbarara
Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Koko wangu,

Barua yako Musoni aliniletea, pamoja na mihogo. Asante. Simu yangu bado imekufa tangu ilipoanguka kwenye ndoo ya maji ya pasi pale kazini kwa fundi wa kushona, kwa hiyo tuendelee na kamiyo ya Musoni, lori lake la mihogo, Jumanne na Ijumaa.

Nilikwenda kwa Hajara juzi Jumamosi. Mume wake ni sajenti. Saluni ni chumba kimoja, lakini kimefagiliwa. Ile dawa ya kubandua ngozi anaitoa kwenye chupa kubwa isiyo na karatasi ya maelezo, anasema inatoka Kampala. Aliniangalia midomo akauliza, "Dada, kwa nini inapasuka hivi? Umekunywa vidonge vya chunusi?" Nikasema hapana. Akauliza tena. Nikasema ni upepo. Akasema, "Haya. Mimi nasikiliza mdomo, ngozi itasema yake."

Alinipaka kidogo tu chini ya taya, kama punje ya hindi, aone ngozi yangu inavyokubali. Iliwasha kama pilipili jichoni. Uso mzima atanipaka Jumamosi ya tarehe 26, ili ubanduke na kupona mbele ya bashangazi kufika.

Sasa Koko, kuna kitu kinanisumbua. Siku ya mwisho munganga Aloysius aliniambia nisiguse uso kwa muda baada ya kumaliza vidonge. Nakumbuka alisema sita. Kama ni wiki sita ama miezi sita sikumbuki, siku ile nilikuwa na furaha sikusikiliza vizuri. Kidonge cha mwisho nilimeza tarehe 30 Agosti. Kama ni wiki, zimekwisha. Kama ni miezi, nimefanya ubaya. Yeye mwenyewe ameenda Kampala, hatarudi kazini mpaka tarehe 28.

Aliandika kila kitu kwenye kaye. Nitumie hiyo kaye, Koko. Kama hutaki itembee, basi mpe mwalimu yeyote anayejua Kiingereza akusomee ukurasa wa mwisho, uniandikie.

Naogopa kidogo.

Mjukuu wako,
Aurore


Nakivale
Alhamisi, 17 Oktoba 2024

Aurore,

Unaogopa nini? Sisi tulivuka kutoka Kivu na batoto ku mugongo, weye unaogopa punje ya hindi.

Kaye nimeiangalia. Ni wiki. Munganga gani atakataza mutu kugusa uso wake miezi sita? Utanawaje? Hata mutu aliyekatwa na upanga, wiki sita anapona. Wiki zako zimeisha, umesema mwenyewe. Enda tarehe 26 upakwe.

Kaye sitaituma. Kamiyo ya Musoni inavuja, na Musoni anasoma kila karatasi anayopewa, hata ile ya kufungia chumvi. Na mwalimu simupi. Leo mwalimu, kesho kijiji.

Huyo Hajara anauliza mingi sana. Kazi yake ni kupaka. Apake.

Bashangazi bamethibitisha. Nimeweka kuku pembeni.

Koko wako,
Mariette Nabintu


Mbarara
Jumanne, 22 Oktoba 2024

Koko,

Leo ni siku ya kumi na kile kidoa chini ya taya hakijafunga. Hajara alisema siku tano kinakauka, siku ya saba kinabanduka, basi. Changu kilibanduka siku ya tatu na mpaka leo katikati ni chekundu, kinatoa maji. Kandokando pameanza kuinuka, nikigusa ni pagumu kama harage. Na hakiwi kidogo, Koko. Kinapanuka.

Hajara alimtuma mtu kuniuliza kinaendeleaje. Nikasema kimekauka. Nimefunga kitambaa shingoni. Parfait alipita hapa kazini akauliza kitambaa ni cha nini, nikamwambia ni jino. Sasa ananiletea dawa ya jino.

Jumamosi ni uso mzima. Nikikaa kwenye cherehani najiona kwenye kile chuma chake kinachong'aa, nafikiri, kama punje moja inafanya hivi, paji la uso litafanya nini? Mashavu je? Lakini wewe umesoma kaye na umesema wiki. Nimerudia barua yako mara tatu, nikaweka kidole hapo ulipoandika wiki. Kama isingekuwa hiyo nisingekwenda. Labda ni kitambaa kinachokwaruza tu.

Nitakwenda. Saa nne asubuhi ndiyo zamu yangu. Niombee.

Aurore


Nakivale
Alhamisi, 24 Oktoba 2024

USIENDE.

Nimeandika hiyo mbele ya salamu, kama hii barua itararuka ibaki hiyo. Usiende kwa Hajara. Kama umefika ku mulango, rudi. Kama umekaa ku kiti, simama.

Sikuangalia kaye. Kaye haiko.

Aurore, usinikatishe, acha niseme yote, juu nikisimama sitaweza tena. Ulipohama mwezi wa saba ulikuwa bado unameza. Kila ukirudi hapa mwisho wa mwezi kwenda kwa munganga, unaichukua kaye, unairudisha. Mwezi wa tisa ukaniambia, Koko, tumemaliza. Nikaifungua. Munganga aliandika upande mumoja tu wa kila karatasi, Kingereza chake kama nyayo za kuku, na upande mwingine mweupe unanitazama. Nikasema, mutoto amepona, munganga amemaliza, karatasi inangoja nini? Nikaanza kuchana. Kila barua niliyokuandikia tangu hapo ni karatasi ya ile kaye. Na kwa sababu sikutaka uone Koko wako anakuandikia ku mugongo ya kitu kingine, nikaupaka ule upande wa munganga uji, nikaubandika ku saruji. Nikajisifu mbele yako. Ngumu na safi.

Ulipoitaka, nikaona haya. Haya tu, hakuna kingine. Nikasema wiki, juu wiki ndiyo ilikuwa inakupendeza, na miye pia ilinipendeza. Niliwaza bashangazi. Niliwaza uso wa Teta. Uso wako sikuuwaza.

Na ile ya kuficha vidonge ni kinywa changu, si chako. Hajara alikuuliza mara mbili. Angejua, angekuacha.

Sasa fanya hivi. Chukua barua zangu zote, zitie mu maji ya uvuguvugu. Uji utalegea. Bandua polepole, usivute kwa nguvu, usikwaruze, wino ya biki ya munganga itabaki. Soma alichoandika. Kisha umupelekee yeye mwenyewe akirudi.

Musoni anaondoka kesho asubui. Utapata hii mbele ya Jumamosi. Simu naijua iko wapi. Iko kwa Gisèle. Kwa Gisèle siendi. Aliyekupa mimba kwa mudomo wake, nimuombe na simu?

Mariette

Ijumaa jioni. Musoni amerudi kwa miguu. Kamiyo imekwama mu matope, haijafika hata Kabingo. Barua hii ameitoa mu mufuko, imelowa, akanirudishia. Nilimutukana, naye hana kosa.

Jumamosi asubui. Nimevaa viatu. Naenda kwa Gisèle.


Mbarara
Jumapili, 27 Oktoba 2024

Kwa Mukaaka, bibi yake Aurore,

Mimi ni Hajara ya saluni. Hatujaonana, lakini sauti yako najua. Ile sauti haina haja ya simu.

Nakuandikia mimi kwa sababu Aurore bado amelala. Nitasema kama ilivyokuwa, bila kuongeza.

Jana saa nne alikaa kwa kiti. Nimemuambia toa kitambaa, amesema shingo inauma, anza na juu. Mimi nimekubali, hiyo ni kosa langu. Nimechovya brashi, nimepaka mstari moja kwa paji la uso, kutoka huku mpaka huku. Hapo simu ikalia. Namba ya Gisèle, mama ya Teta. Nimeweka kwa sikio na bega, brashi bado iko mkononi. Nikasikia sauti yako: "Toa mikono! Toa mikono ku mutoto wangu! Alimeza vidonge vya bipele miezi tano, amemaliza juzi, miye ndiye nilimuambia akudanganye!"

Brashi ilianguka. Nimemwaga maji kwa uso yake, jerikeni mzima, maji imefika mpaka barabarani. Wateja wote wamesimama. Halafu nimefungua kitambaa kwa nguvu, nimeona ile kidonda.

Mukaaka, nilimuuliza mara mbili. Siku kumi na nne amebeba kidonda anasema kimekauka. Kama ningepaka uso mzima leo tungekuwa tunaongea maneno gani? Nimekasirika sana na yeye. Na wewe pia, unisamehe kusema, hata kama wewe ni mzee.

Lakini na mimi sina usafi. Ile chupa haina karatasi. Mtu aliniuzia, nimepaka watu kumi na saba hivi, hakuna aliyelalamika, nikafikiri najua. Sijui. Nguvu yake ni ngapi, sijui. Jana nimeimwaga yote kwa shimo.

Mstari kwa paji ni nyekundu na imevimba. Usiku amelala kwangu. Kesho asubuhi mapema nampeleka mimi kwa daktari Aloysius, nimemuambia mzee wangu, yule sajenti, anipe pikipiki. Wewe omba kwa njia yenu, mimi naomba kwa yangu.

Hajara


Mbarara
Jumanne, 29 Oktoba 2024

Koko,

Barua yako iliyolowa Musoni ameileta leo, lakini mambo ya maji ya uvuguvugu ulikuwa umeshayapiga kelele kwenye simu, saluni nzima ikasikia. Jumapili mchana tuliziweka barua zako kwenye beseni ya Hajara, ile ya kuoshea vichwa. Tulingoja. Uji ulilegea ukawa kama maziwa. Hajara alishika ncha moja, mimi nyingine, tukabandua taratibu, hakuna aliyepumua. Ile ya tarehe 6 ilitoka nzima. Ile ya tarehe 17 ilichanika pembeni.

Nyuma ya ile ya tarehe 17 ndipo ulipokuwa ukurasa wa mwisho. Ameandika, nakutafsiria: "Amemaliza 30 Agosti. Asibandue ngozi ya uso wala kung'oa nywele za uso kwa nta mpaka ipite miezi sita, ama mpaka nimwone mimi kwanza. Ajikinge na jua. Akae mwezi mmoja bila kushika mimba." Amepigia mstari miezi sita, mara mbili. Koko, niliweka kidole pale ulipoandika wiki, na kumbe upande wa pili wa kidole changu palikuwa na miezi.

Jana huko kambini munganga alisoma, akageuza, akasoma na zako; kwako sikupita, hasira ilikuwa bado moto. Akauliza, "Huyu anayesema utanawaje ni nani?" Nikasema ni Koko wangu. Hakucheka.

Amesema zile dawa za kubandua si moja. Kuna nyepesi, na siku hizi madaktari wengine wanaona zile nyepesi hazina hatari sana hata mapema, lakini zikiwa mikononi mwa anayejua nguvu yake, na ngozi imeangaliwa kwanza. Chupa isiyo na karatasi siyo hiyo. Na mtu aliyeficha vidonge hawezi kuangaliwa. Amesema ngozi iliyotoka kwenye vidonge hivyo yaweza kukawia kupona, na kidonda kinachokawia ndicho kinachoinuka. Chini ya taya kovu litabaki, atalitibu lishuke kidogo, kuisha kabisa hawezi kuahidi. Paji la uso, tungoje wiki tatu ndipo tujue. Ndivyo alivyosema, ndipo tujue. Kila asubuhi nagusa kwanza kabla ya kufungua macho.

Parfait nimemwambia yote. Akasema, "Kwa hiyo ile dawa ya jino ulifanyia nini?" Nikacheka mpaka paji likauma.

Nimekukasirikia, Koko. Sitakuficha. Lakini ungechelewa kuvaa viatu, ningekuwa sina uso wa kukasirikia.

Aurore


Nakivale
Jumapili, 3 Novemba 2024

Aurore, muke mwenzangu,

Kasirika. Ni haki yako, na unaweza. Umetoka kwangu.

Nikuambie ile Jumamosi, usije ukaisikia imetiwa chumvi. Nilimukuta Gisèle ku bomba, banamuke kama kumi na ndoo zao. Nikasema, Gisèle, simu. Akasema, leo Mariette ananijua? Nikasema, nakujua, simu, mutoto wangu anaungua. Hakuuliza tena. Alinitafutia namba kwa Teta, akaweka sauti ya nje juu miye sikio langu moja halifanyi kazi, na nilivyosema batu bote bamesikia, vidonge, kupimwa, uongo wangu, byote. Nilipomaliza, Gisèle alinipa ndoo yake niikalie. Nilikaa. Usinilazimishe kusema zaidi ya hapo.

Leo kisha kanisa nimemufuata shangazi mukubwa wa Parfait mbele ya kuingia nyumbani kwake. Nimemuambia, mutoto wetu ana kovu chini ya taya na mustari ku paji, ile ya kwanza haitoki na ile ya pili hatujui. Kovu nimelifanya miye, yeye hakulifanya. Kama munatafuta uso, hakuna safari tarehe tisa, kuku arudi kulala. Akauliza, "Kidonda kinamuuma?" Nikasema kinamuuma. Akasema banakuja, na kwamba ile habari ya njia ya Kabingo aliisema kwa uchungu wa mambo mengine. Miye sikusema nimesahau. Nilisema, muje na njaa.

Lakini sasa uniambie kweli. Ule mustari. Umelala? Umepoa? Unatoa maji? Usiniandikie "unaendelea vizuri", hayo ni maneno ya barua. Niambie vile miye sikukuambia, kweli yote. Nashika paji langu siku nzima, batu banafikiri nina malaria.

Ukija, leta karatasi zote mulizobandua, hata ile iliyochanika. Ganda la kaye nimelitunza. Nitazishona mumo kwa uzi, munganga mbele, miye nyuma, na hiyo kaye itakaa juu ya meza. Mwisho wa mwezi wa pili, miezi sita ikitimia, tutaenda nayo kwa munganga pamoja, na miye nitamujibu mwenyewe juu ya kunawa.

Karatasi hii nimeinunua ku duka. Sikuipaka uji, ndiyo maana inalegea mu mukono yako. Igeuze. Nyuma hakuna kitu.

Koko wako,
Mariette